Gari la Marehemu Halichomekwi

Jumanne ile Ardis Haugen aliingia mjini Norvik kununua maziwa na betri za tochi, basi. Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Jua lilikuwapo, jeupe, lisilo na kazi, limebandikwa juu ya Dakota Kaskazini kama sahani ya bati isiyo na chakula. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha unyevu wa puani mtu anapovuta pumzi ya kwanza. Watu walitembea wameinamisha vichwa, na aliyesalimiwa aliitikia kwa nyusi.

Mbele ya mgahawa wa Lavonne magari yalikuwa yamejipanga, kila moja limefungwa kwa waya kwenye nguzo yake, kama ng'ombe horini. Waya hizo si mapambo. Injini ya dizeli haina urafiki na mtu. Iache usiku mmoja kwenye baridi ya namna hiyo, oili inakuwa nzito kama uji uliolala, dizeli inaganda kama samli, na asubuhi utapiga stata mpaka betri ikate roho. Ndiyo maana ndani ya injini huwekwa hita inayopasha maji yanayoizunguka, na waya wake hutokezwa mbele kwenye pua ya gari, ukaning'inia kama ulimi wa mbwa. Ukifika, unachomeka. Ukiondoka, unachomoa. Anayesahau kuchomoa huondoka na soketi ya watu, na atachekwa mpaka theluji iyeyuke.

Na ipo sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza: ukikuta waya wa mwenzako unaning'inia na soketi iko wazi, mchomekee. Usiulize ni wa nani. Mtu anaweza kukunyima salamu miaka na miaka, lakini umeme hakunyimi, kwa sababu huku gari lisilowaka ni jeneza lenye magurudumu.

Ardis alikuwa mtu wa sheria hiyo. Mdomo wake ulikuwa mkali, majirani walimwogopa kwa huo, lakini mkono wake ulikuwa mnyoofu na hakuna aliyelipinga hilo. Alipomaliza kuchomeka pikapu yake, akaona mwisho wa mstari gari moja limefunikwa na sakitu, umande ulioganda, nene, vioo vyote vyeupe, hata rangi yake haijulikani. Waya wake ulikuwa unaning'inia. Soketi ilikuwa wazi.

"Mwenye gari mzembe huyu," alinong'ona, "mama yake alimlea vipi?"

Akaushika waya, akauchomeka. Waya wowote kwenye baridi ile huwa mgumu kama fimbo. Huu ulikuwa laini. Ulilala kiganjani mwake kama mkia wa kitu kilicholala usingizi. Aliliona jambo hilo, na kabla hajafika mlangoni alikwisha kulisahau.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya kahawa. Lavonne, mwenye mgahawa, alimmiminia kikombe bila kuulizwa.

"Britta bado?" akauliza.

"Bado. Mtoto kachungulia, kaona baridi, kasema nisubirini."

"Ana akili kuliko baba yake."

"Baba yake yuko magharibi kwenye visima vya mafuta. Anapiga simu Jumapili kuuliza habari za mbwa."

Wazee waliokaa kaunta wakacheka. Ardis hakucheka. Britta, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba iliyokwisha kutimia. Hospitali ilikuwa mbali, barabara yenyewe upepo mtupu, na siku ikifika wa kumpeleka alikuwa ni yeye na pikapu yake. Hakuna mwingine. Ndiyo maana majira yale alilijali gari kuliko alivyoijali nyumba.

Mlango ukafunguka. Akaingia Noreen Tveit, na maongezi yakapungua. Noreen alikuwa mjane wa siku chache. Mumewe, Palmer, gari lilimzimikia barabarani katikati ya tufani ya theluji, wakamkuta siku ya pili ameketi wima, amekumbatia usukani. Gari likavutwa mpaka pale mjini. Baina ya akina Tveit na Ardis palikuwa na uadui mkongwe wa ua na fahali, kila upande ukisema fahali ndiye aliyeanza. Ardis alikuwa ametuma mkate wa viazi msibani. Mkate ulirudi.

Noreen hakuvua skafu. Alisimama dirishani, akatazama nje muda mrefu.

"Nani kachomeka gari la mume wangu?"

Wazee wa kaunta wakainamia vikombe vyao.

"Nimeuliza, nani?"

"Mimi," akasema Ardis. "Sikujua ni lake, lilikuwa limejaa sakitu. Lakini ningejua ningelichomeka vilevile. Na asante sijaisikia."

Noreen alimjia mpaka kwenye meza, akainama, akanong'ona. Uso wake ulikuwa hauna damu.

"Palmer hajazikwa, wewe mwanamke. Ardhi ni chuma. Yuko kwenye chumba cha mawe nyuma ya kanisa mpaka Aprili."

"Najua alipo. Wafu wote wa baridi hukaa humo."

"Hujui kitu. Kwetu sisi gari la marehemu halichomekwi mpaka ashuke kaburini. Waya unaachwa wazi ili ajue hakuna safari. Ili akae kimya, aliyeganda agande. Wewe umemwambia injini iko moto."

Ardis akaweka kikombe chini. "Noreen, mumeo alipokuwa hai hakuamka kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo aje aamke sasa?"

Mzee mmoja wa kaunta alipaliwa na kahawa yake. Noreen hakumtazama.

"Palmer hakuwahi kumwomba mtu kitu," akasema. "Alikuwa anachukua. Na sasa atachukua kupitia mkono uliompa mara ya kwanza."

Akatoka. Wote walimwona kupitia dirishani akiing'oa plagi kwa mikono miwili. Na wote waliona jambo jingine, ingawa hakuna aliyelisema. Hita ya injini huhitaji saa kadhaa kuamsha chuma. Ardis hakuwa amemaliza hata kikombe. Lakini boneti ya gari lile ilikuwa nyeusi, tupu, inachuruzika maji. Na kioo cha upande wa dereva kilikuwa kimeanza kupata ukungu. Kwa ndani.

*

Shamba la Ardis lilikuwa kaskazini ya mji, nyumba na ghala na miti michache ya kuzuia upepo. Jua lilikuwa limekwisha kuzama alipofika, kwa maana majira yale jua huku huondoka mapema kama mgeni asiyependa chakula. Alichomeka pikapu yake. Kitaa kidogo kwenye kichwa cha waya kikawaka, kisha hita ikaanza kuimba. Kila hita ina sauti yake. Ya Ardis ilikuwa kama birika linalokaribia kuchemka. Aliipenda sauti ile. Aliisikiliza kila jioni kabla ya kuingia ndani, kama wengine wanavyosali.

Asubuhi akakuta plagi imelala kwenye theluji.

Haikuwa imeteleza. Waya ulikuwa umewekwa pembeni, umeviringishwa vizuri, kama anavyofanya mtu anayejiandaa kuondoka. Hasira zikampanda Ardis mpaka masikioni. Kuchomoa waya wa mtu! Huku hilo ni jambo la kuvunjiana miguu. Akatazama chini kutafuta nyayo. Nyayo zilikuwapo za buti zake mwenyewe, kutoka mlangoni mpaka garini, basi. Pande nyingine theluji ilikuwa safi kama shuka jipya.

Aliingia ndani akapiga simu bila kuvua glavu.

"Noreen! Ukikanyaga tena uwanja wangu, utarudi kwako umebebwa. Nina binti mwenye mimba humu!"

"Sijatoka nje tangu jana," ikajibu sauti. "Umeona nyayo?"

Ardis akaitazama tena theluji safi kupitia dirishani.

"Hukuona," akasema Noreen, na simu ikakatwa.

Injini iliwaka siku hiyo, kwa shida na moshi mwingi. Ardis akanunua waya mpya, akaufunga kwenye plagi kwa utepe mweusi raundi nyingi, apendaye kuchomoa aje na kisu. Asubuhi iliyofuata utepe ulikuwa mahali pake. Kitaa kinawaka. Hita inaimba. Akatabasamu, akavua glavu, akaweka kiganja kwenye injini apate raha ya joto.

Ngozi ikanasa kwenye chuma.

Alipoubandua mkono aliacha ngozi kidogo. Ule ubaridi haukuwa wa hali ya hewa. Ulikuwa ubaridi wa kitu kilichonyonywa. Ardis hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akaleta kipimo, akapima waya: umeme upo. Akapima hita: nzima. Mita ya nyumba ilikuwa inazunguka mbio. Umeme unaingia, joto linazaliwa. Sasa linakwenda wapi?

Akaweka kipimo chini asikilize. Birika lilikuwa linaimba. Lakini sauti haikutoka kwenye gari lake.

Ilitoka langoni.

Akaenda. Pale lango lilipo, kando ya njia, theluji ilikuwa imeyeyuka. Palikuwa na kipande cha ardhi kilicho wazi, chenye pembe nne, urefu na upana wa pikapu iliyoegeshwa. Nyasi zake zilikuwa mbichi. Zilikuwa zinatoa mvuke. Hapakuwa na alama ya gurudumu ya kuingia wala ya kutoka.

Kesho yake kipande kilikuwa kimesogea. Kilikuwa katikati ya lango na nyumba.

*

Ndipo na nyumba ikaanza kupoa.

Jiko la kuni liliwaka, ndimi za moto zikaonekana kwenye kioo chake, na mtu aliweza kukaa mbele yake akatetemeka. Kahawa ilipoa kabla ya kufika mdomoni. Birika halikuchemka. Mbwa alikataa kukaa karibu na dirisha, kisha akakataa kukaa ndani, akaenda ghalani akalala na ndama.

"Mama," akasema Britta, amejifunika mablanketi yote ya nyumba. "Hili jiko lina nini?"

"Kuni mbichi."

"Si mbichi. Nimezipanga mwenyewe."

"Nyamaza unywe maziwa."

Ardis hakumwambia. Angemwambia nini? Kwamba mama yake, asiyeamini hata utabiri wa hewa, sasa anaogopa mzee aliyelazwa kwenye chumba cha mawe? Aliongeza kuni. Akaziba madirisha. Akaapa kwa sauti ya chini, kwa maneno ambayo mchungaji wake asingeyapenda.

Jumatatu tufani ikashuka. Mchana ukawa mweupe mtupu, mtu akinyoosha mkono havioni vidole vyake. Na mchana ule ule, wakati Ardis anakoroga supu isiyotaka kuchemka, Britta alimwita. Hakuita kwa nguvu.

"Mama. Njoo ushike hapa."

Ardis akaweka kiganja kwenye tumbo la binti yake. Akakiondoa. Akakirudisha.

Mikono ya Britta ilikuwa na joto. Shingo ilikuwa na joto. Tumbo lilikuwa baridi.

"Tangu asubuhi hachezi," akanong'ona Britta. "Na uchungu umeanza."

Ardis akapiga simu hospitali. Wakamwambia gari la wagonjwa haliwezi kutoka, greda la theluji limerudishwa, asubiri upepo upungue. Akawaambia mtoto hatasubiri upepo. Wakarudia maneno yaleyale kwa upole, na upole ule ukamchoma kuliko tusi. Akavaa, akatoka kulijaribu gari. Stata iliguna mara moja. Ikanyamaza. Injini ilikuwa jiwe.

Akarudi ndani. Kulikuwa na namba moja tu iliyobaki, na kuipiga kulimgharimu kuliko kumeza kaa la moto.

"Noreen. Ni mimi."

Akageukia ukuta, Britta asisikie.

"Amefika kwenye tumbo la Britta. Mtoto anapoa."

Pumzi upande wa pili. Kisha: "Nilikwambia."

"Uliniambia. Nilikucheka. Haya, ulishinda. Niambie nifanye nini."

"Kwa nini nikusaidie? Fahali wako alivunja ua wetu mara ngapi?"

"Fahali wetu tutamchinja ukitaka! Usinisaidie mimi. Huyo mtoto hajawahi kukuvunjia ua."

Upepo ulipiga ukuta. Noreen aliponena tena, sauti yake ilikuwa ngumu vilevile, lakini ya chini.

"Palmer hakupenda watu wa kuzungukazunguka. Mwendee. Mwambie wazi nani alimchomeka na nani hakumchomeka. Na usimpe kitu kisicho chako. Usimpe ng'ombe, usimpe nyumba. Hizo ni mali. Yeye anataka joto. Na Ardis. Akikujibu, usigeuke."

*

Alimvisha Britta makoti mawili, akamketisha karibu na mlango. "Nikipiga honi, toka. Kabla ya honi usitoke, hata ukisikia nakuita."

"Mama, kwa nini nisitoke ukiniita?"

"Kwa sababu sitakuita."

Akatoka.

Pikapu ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini ilibidi aipapase kama kipofu. Akaufikia wavu wa mbele. Akaushika waya wa hita ili aufuate mpaka kwenye soketi ya ukutani.

Waya haukwenda ukutani.

Ulikwenda upande wa pili. Ulitoka kwenye pua ya gari, ukanyooka hewani, ukaingia kwenye weupe. Ulikuwa umekazwa. Ulitetemeka kidogo, kama kamba ya mvuvi aliyenasa kitu kizito. Ardis alinunua waya ule mwenyewe. Haukuwa mrefu hivyo. Hakuna waya mrefu hivyo.

Akaufuata, mkono mmoja mbele ya mwingine. Nyumba ikapotea nyuma yake. Gari likapotea. Ukabaki waya, na upepo, na ile sauti ya birika ikizidi kupanda.

Kisha upepo ukakoma.

Haukupungua. Ulikoma. Alikuwa amesimama kwenye nyasi mbichi. Pembeni mwake theluji ilikuwa inapita mbio kama ukuta, na mle ndani hapakuanguka hata chembe. Kulikuwa na joto. Harufu ya oili ya moto, ya tumbaku, ya sufu iliyolowa. Waya uliishia mbele yake, kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyeketi.

Hakumwona. Au alimwona na macho yakakataa. Aliona glavu mbili za ngozi zimekumbatia usukani ambao haukuwapo. Aliona mvuke wa pumzi, ukitoka mahali penye mdomo na pasipokuwa na mdomo. Taratibu. Bila haraka. Kama mtu anayesubiri injini ipate moto aende zake.

Miguu ilitaka kukimbia. Akaikataza.

"Palmer Tveit," akasema. Sauti ilimtoka kavu. "Mimi ndiye niliyekuchomeka. Mimi, kwa mkono huu. Sikukuchomeka kwa ubaya wala kwa mapenzi. Nilikuta waya wazi."

Mvuke ulitoka. Ukaacha kutoka.

"Huyo mtoto hakukuchomeka. Hakukupa kitu, na wewe unamchukulia joto lake. Ulikuwa mtu mgumu, ulikuwa na roho ya kutu, lakini sikuwahi kusikia umeiba. Usianze leo."

Kichwa kikageuka. Kilifanya mlio, kama barafu ya mto inapopasuka mbali.

"Baridi," ikasema sauti. Ilitoka kwenye waya. Aliisikia kwa kiganja kabla ya kuisikia kwa sikio.

"Najua."

"Baridi, Ardis."

"Najua, bwana. Na Aprili iko mbali."

Akavua glavu ya kushoto. Akaitupa. Kwa mkono wa kulia akaishika plagi pale ilipoingia kifuani pake, akaivuta. Ilitoka kwa shida, kama jino. Joto lote la mahali pale likatetemeka. Glavu zile mbili ziliachia usukani, zikamgeukia.

"Huu," akasema Ardis, akaunyoosha mkono wa kushoto. "Ni wangu. Huu chukua. Ukigusa kitu kingine zaidi ya huu, nitakuja mwenyewe kwenye hicho chumba cha mawe na shoka."

Palmer akamshika.

Hakuwahi kumsimulia mtu maumivu yale. Aliwahi kusema jambo moja tu, kwamba Palmer hakumbana. Alimshika polepole, kama mtu anayepokea kikombe cha kahawa kutoka kwa mwenyeji, anayeogopa kumwaga.

Upepo ukarudi kwa kishindo. Alijikuta amepiga magoti kwenye theluji, plagi kwenye mkono wa kulia, waya umelegea, na ukuta wa nyumba yake ukiwa karibu kiasi cha kuuegemea. Nyuma yake akasikia gari linawaka. Hakuwa ameliwasha. Liliwaka kwa pigo la kwanza, laini, kama lililochomekwa usiku kucha.

Akafungua mlango wa gari, akapiga honi kwa kiwiko.

*

Pikapu iliwafikisha hospitali katikati ya tufani, na mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, akilia kwa hasira, mwekundu, moto kama mkate. Wakamwita Thea. Nesi alicheka kwamba hajapata kumwona mtoto aliyekuja na joto namna hiyo kwenye baridi namna hii. Ardis alimpokea kwa mkono wa kulia.

Wa kushoto daktari aliutazama sana. Haukuwa umeungua kwa baridi. Ngozi nzima, vidole vinakunjika, damu inapita. Lakini kipimajoto hakikusoma kitu, akabadilisha kipimajoto, na hicho nacho hakikusoma. "Unasikia maumivu?" Hapana. "Unasikia nini?" Hakuna. Tangu siku hiyo theluji ikitua kwenye mkono ule hukaa, haiyeyuki, na Ardis huipangusa kama mtu anayepangusa vumbi mezani. Akishika kikombe cha chai kwa mkono huo hajui kama ni cha moto.

Palmer alizikwa Aprili. Ardis hakwenda. Noreen hakumwalika. Siku chache baadaye alikuta mkate wa viazi kwenye ngazi ya mlango wake, umefungwa kitambaa, bila neno. Akaula. Uadui haukuisha, fahali aliendelea kuvunja ua, lakini walipokutana kwa Lavonne kila mmoja alimwitikia mwenzake kwa nyusi.

Baridi iliyofuata Thea alikuwa ameanza kutembea, ile ya kuanguka na kuinuka. Britta alikuwa ameelekea mjini na rafiki yake, na Ardis alikuwa jikoni anasukuma unga. Aligeuka. Mtoto hayupo. Mlango ulikuwa wazi, na ubaridi unamwagika ndani kama maji.

Alitoka mbio bila koti. Baridi siku ile ilikuwa ya kuua mtu mzima.

Thea alikuwa amesimama mbele ya pikapu, peku, amevaa shati tu. Halii. Anacheka. Ameinua kichwa, anatazama juu, kwenye usawa wa uso wa mtu mrefu. Chini ya nyayo zake theluji ilikuwa imeyeyuka mpaka kwenye nyasi. Waya wa hita ulikuwa unaning'inia, haujachomekwa, maana Ardis alikuwa ametoka na pikapu asubuhi na alipanga kuuchomeka baadaye. Na injini ilikuwa inaimba.

Akamnyakua mtoto. Alikuwa moto kama mkate.

"Nani alikuwa hapa?" akamnong'oneza. "Thea. Nani?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye boneti.

Boneti ilikuwa nyeupe kwa sakitu, isipokuwa mahali pawili. Chini kabisa, kwenye ukingo ambao mtoto anaweza kuufikia, kiganja kidogo kilikuwa kimeyeyusha sakitu mpaka kwenye rangi. Juu yake kidogo palikuwa na kiganja kingine. Kikubwa. Cha kushoto. Maji yake yalikuwa bado yanachuruzika.

Ardis alisimama pale, mtoto begani, pumzi zake zikiganda. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, ule wa theluji isiyoyeyuka, akauweka juu ya kiganja kile kikubwa. Ulipwaya, vidole vyake havikufika mwisho.

Na chini yake chuma kilikuwa na joto. Alilisikia.